Ng'ombe Aliyecheza kwa Mifupa ya Mke Wangu

Kati ya wanawake wote niliowahi kuwajua, mke wangu ndiye pekee ambaye kiuno chake kilihifadhiwa ndani ya ng'ombe. Mwenyewe alilifanyia jambo hilo mzaha mpaka majirani wakachoka. Mimi sikuwa na haki ya kucheka sana, kwa kuwa kama si mimi, kiuno hicho kingehifadhiwa mahali pake, kwenye mifupa ya mke wangu mwenyewe.

Nilikuwa na studio mjini Nakuru, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Nilirekodi arusi, mazishi na sherehe za watoto waliofaulu. Sikufaulu mimi mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mwalimu wangu alisema afadhali nisizitaje mbele ya watu. Lakini kamera haikuulizi alama. Aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja: ukishamkabidhi mwenye sherehe CD yake, kanda ni yako tena. Unairudisha kwenye kamera na kurekodi juu yake. Kwa hiyo kanda zangu zilikuwa zimefungisha ndoa nyingi kuliko kasisi, moja juu ya nyingine, na maarusi wenyewe hawakujuana.

Sheria hiyo ilinilisha miaka mingi. Ndiyo pia iliyonitia aibu.

Katikati ya mwaka 2007 binti yetu alikuja likizo kutoka Nairobi, alikokuwa akisomea kuchora kwa kompyuta, ile kazi ya kufanya katuni zitembee. Alikuja na sanduku refu. Ndani mlikuwa na fito za alumini, viungo vya plastiki, mikanda na nyaya. Lilikuwa vazi la kunasa mwendo. Chuo chao kililinunua kuukuu kutoka kwa wazungu, na mwalimu wake alimwazima kwa likizo. Ukilivaa juu ya nguo, kila kiungo cha mwili kinapata kidude chake cha kupima kimepinda kiasi gani, na kompyuta inaandika. Ukishamaliza, mwendo wako unaweza kupewa katuni yoyote, ikatembea kama wewe.

"Hata jiko?" mke wangu akauliza.

"Hata jiko, Mama. Bora liwe na miguu."

Bahati nzuri, au mbaya, wiki hiyo alikuwa amepanda ngazi za studio yangu mfanyabiashara mmoja wa Kisikh aliyeuza chakula cha mifugo. Babu yake alikuja na reli, kama babu yangu, tofauti ni kwamba babu yake alinunua duka na babu yangu akanunua baiskeli. Alitaka kitu cha kuonyesha kwenye televisheni katika banda lake, siku za maonyesho ya kilimo.

"Mzee," akaniambia, "mwaka jana jirani yangu aliweka spika kubwa, watu wote wakaenda kwake. Mwaka huu nataka ng'ombe anayecheza."

"Boss, ng'ombe wa kweli?"

"Wa kweli atanichafulia banda. Nataka wa katuni. Lakini acheze sawasawa, mtu akimwona ajue huyu ameshiba."

Binti yangu alisema kuchora kila hatua kwa mkono kungemaliza likizo yake yote. Afadhali mtu avae vazi, acheze, na mwendo ule apewe ng'ombe. Swali likawa nani acheze. Yeye na mamake walinitazama, kisha wakacheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mke wangu alikuwa mchezaji wa isikuti, ngoma ya kwetu ya magharibi, ile ambayo mabega yanatikisika mpaka unadhani yatamwacha mwenyewe aende nyumbani peke yake. Alizaliwa Nakuru katika nyumba za reli, lakini mabega yake hayakuwahi kuhama Kakamega. Hakuna arusi aliyokwenda akakaa kitini. Na mimi ndiye niliyempigia ngoma tangu ujana wetu, vibaya. Kuna mahali mchezaji anapogeuka, na mpigaji anatakiwa kumpa pigo zito la kugeukia. Hapo mimi huchelewa. Nimechelewa hapo maisha yangu yote. Yeye alijifunza kuinua kisigino, kukisimamisha hewani, na kungoja.

Tulitoa viti sebuleni kwetu mtaani Kiamunyi, tukamfunga mke wangu ndani ya zile fito. Alionekana kama antena ya televisheni iliyofunga leso. Jirani yetu akachungulia mlangoni.

"Mathe, wamekuunganisha na stima?"

"Ngoja niwake, utaona," mke wangu akamjibu.

Binti yetu akamwambia asimame wima, anyooshe mikono pande zote mbili, ili kompyuta ijue anaanzia wapi.

"Nisimame kama Yesu?"

"Kama Yesu, Mama, lakini usiinamishe kichwa."

"Na huyu mzee na ngoma yake ni nani, Pilato?"

Nikapiga. Akacheza. Kwenye skrini kulikuwa na mtu wa mistari, kama wale wanaochorwa na watoto wa chekechea, lakini mtu yule wa mistari alikuwa mke wangu kabisa. Sijui nieleze vipi. Hakuwa na uso, hakuwa na nguo, hakuwa na ule mwanya wa meno, na bado ungemtambua katikati ya soko. Ilipofika mahali pa kugeuka, nikachelewa. Mtu wa mistari akainua kisigino, akangoja, halafu akageuka.

Mimi nilikuwa nimeweka kamera yangu kwenye kona, ikirekodi, kwa mazoea tu.

Baadaye binti yangu aliniketisha mbele ya kompyuta.

"Baba, sikiliza. Kuna njia tatu za kuitoa hii kazi. Ya kwanza ni video kama zako. Ni picha tu. Ukishaitoa, huwezi kumzungusha Mama umwone kwa mgongo. Ya pili ni hii BVH, faili la mifupa. Haina picha hata moja. Inaandika mifupa imeungana vipi, halafu kwa kila nukta ya wakati inaandika kila kiungo kimepinda kiasi gani. Ya tatu ni FBX. Hiyo inaweza kubeba mifupa pamoja na nyama, ngozi, pembe na rangi."

"Nimeelewa," nikasema. "Ya kwanza ni picha ya kuku. Ya pili ni supu ya mifupa. Ya tatu ni kuku mzima."

"Hapana, Baba. Ya pili si supu. Ya pili ndiyo kuku mwenyewe, bila manyoya. Unaweza kumvisha chochote. Ng'ombe nitamtoa kwa hii ya tatu, lakini ng'ombe ana miguu mifupi na tumbo kubwa, kwa hiyo lazima nibadilishe mwendo umkae. Mwendo wa Mama vile ulivyo uko kwa hii ya mifupa tu. Usiipoteze."

"Kuku ni mimi?" mke wangu akauliza kutoka jikoni, akiwa bado na fito mgongoni.

Binti yangu aliacha faili hilo kwenye kompyuta yangu ya studio, na nakala nyingine kwenye CD, aliyoiandika kwa kalamu nene: MAMA – MIFUPA. Kompyuta aliyokuja nayo ilikuwa ya chuo, na mashine za chuo zilifutwa kila muhula ulipokwisha, kwa hiyo kwake hakukubaki kitu. Aliniamini. Mtoto akimwamini baba yake katika mambo ya kuhifadhi, hilo ni kosa la malezi, na malezi yalikuwa yangu.

Boss wa chakula cha mifugo alipomwona ng'ombe wake, alifurahi mpaka akakaa. Kisha akakunja uso.

"Mbona hapa anasimama? Amesahau?"

"Hapo anangoja pigo," binti yangu akasema.

"Ng'ombe aliyeshiba hangoji."

Nilijua ile ilikuwa aibu yangu mimi, si ya ng'ombe. Nikamwambia binti yangu akate kipande kile, aunganishe. Akasema, "Sawa, Baba." Boss akaondoka ameridhika.

Kwenye maonyesho watu walijaa. Wakulima walitoka sehemu za Bahati na hata Ndabibi, wakasimama mbele ya ile televisheni wamekunja mikono. Mzee mmoja wa Ndabibi aliniuliza kwa dhati kama ni Friziani halisi au ni wa kuchanganya. Mwingine akamsahihisha: "Tazama hayo mabega. Hiyo ng'ombe si ya huku. Hiyo ilipanda gari Kakamega." Mke wangu alipita mbele ya banda lile mara nyingi, akijifanya anatafuta chakula cha kuku. Hatukuwa na kuku.

Kazi ilikwisha, nami nikairudia sheria yangu. Juu ya kanda niliyomrekodia mke wangu akicheza nilirekodi arusi moja huko Bahati. Wala sikufikiri. Ile CD ya mifupa ilikuwa mezani studio, ikanisumbua, kwa kuwa kila mteja aliyeingia aliisoma. Shangazi wa bibi arusi mmoja alitaka kujua kama huwa narekodi na mambo ya waganga. Nikaipeleka nyumbani. Huko mtama wangu ulikuwa unaliwa na ndege, na kila mtu anajua kwamba CD ikitobolewa na kuning'inizwa kwenye uzi, inamulika jua na ndege wanaogopa. Nikaning'iniza CD zote nilizoona hazina kazi. Ile ya mifupa ilimulika vizuri kuliko zote.

Bado kulikuwa na faili kwenye kompyuta.

Januari iliyofuata, ile ya ghasia za uchaguzi, sina haja ya kuieleza. Aliyekuwa Nakuru anaijua, na ambaye hakuwepo ashukuru. Nilitoa kompyuta studio kwa mkokoteni, chini ya magunia ya makaa, nikaileta Kiamunyi. Barabara zilipofunguka, kazi ikarudi, lakini haikuwa arusi. Watu walikuja mlangoni kwangu, watu wa kila kabila, na wote walitaka kitu kimoja, kwamba maziko yarekodiwe ili ndugu walioko mbali waone. Sikumkataa mtu. Nilirekodi mpaka diski ikajaa.

Siku moja ilinibidi nipate nafasi. Nilifungua folda ya ng'ombe. Video ya ng'ombe niliiacha, ilinichekesha, na miezi ile kilichochekesha kilikuwa adimu. Kando yake kulikuwa na lile faili jingine. Nililibofya likafunguka kama barua. Juu kulikuwa na maneno ya Kizungu, nyonga, goti, bega, na chini yake nambari. Nambari ukurasa baada ya ukurasa, nyingine na alama ya kutoa mbele. Nilishuka, nikashuka, sikuona hata nukta moja ya mtu. Nikasema hii ni takataka ambayo mashine imejiandikia. Nikafuta, kisha nikamwaga na pipa la taka.

Lilikuwa faili dogo hata halikunipa nafasi niliyotaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mvua za masika zilipokuwa zimeshika, mke wangu alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulilala. Maneno yalirudi baada ya muda, yamepinda kidogo, lakini makali yalikuwa yaleyale. Mguu haukurudi. Dada wa hospitali alikuja kumfanyisha mazoezi, akamwambia afikirie anatembea.

"Kutembea sijawahi kupenda," mke wangu akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mzee, ile ngoma yangu ya fito iko wapi? Sitaki ya ng'ombe. Nataka yangu. Nataka huu mguu uonyeshwe kitu ulichokuwa unafanya, labda utaona aibu."

Nikasema ipo.

Kesho yake nikasema stima imepotea. Baadaye nikasema kompyuta ina virusi. Baadaye nikasema stima tena, na taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Aliitazama taa, kisha akanitazama mimi. Nilitoka nje nikaenda kwenye bustani, nikaikuta ile CD bado inaning'inia kwenye kipande chake cha uzi. Jua lilikuwa limeifanya nyeupe kama jicho la mzee. Niliisafisha kwa shati, nikaitia kwenye mashine. Mashine ililia kama gari linalopanda mlima na gia ya nne, kisha ikaitema.

Nikampigia binti yangu simu. Alikuja Jumamosi. Nilimweleza nje, karibu na tangi la maji, ili mamake asisikie.

"Video ya ng'ombe umebaki nayo?"

"Nimebaki nayo."

"Ile ya mifupa ukafuta."

"Niliifungua, mwanangu. Niliona nambari tupu."

"Baba," akasema, na hakupaza sauti, afadhali angepaza, "hizo nambari ndizo Mama."

Nikamgeuzia ndoo ya maji ili akae.

Akakaa juu ya ndoo akafikiri. Halafu akakumbuka kwamba yule boss alikuwa amepewa ng'ombe mzima, lile faili la tatu, kwa kuwa alitaka mwaka mwingine ambadilishe rangi. Tukaenda dukani kwake. Alikuwa pale, nyuma ya magunia, na alipotusikia akainuka. Alifungua droo ambayo ndani yake mlikuwa na funguo za magari ambayo hayapo tena, akatoa CD ikiwa ndani ya kava yake, safi kama siku aliyoipokea.

"Mimi situpi kitu, mzee," akasema. "Babu yangu alihifadhi hata misumari ya reli. Mama anaendeleaje?"

"Anatukana."

"Basi atapona. Mwambie ng'ombe wake alinifanyia biashara."

Binti yangu alifanya kazi ile mezani kwetu Jumapili, kompyuta yake kati ya sufuria na chupa ya chai. Alikuwa anamtoa ng'ombe nje na kujaribu kurudisha mwendo kwenye mifupa ya mtu. Alinionya kwamba kilichopotea kimepotea. Ng'ombe alipopewa mwendo, viungo vilipindwa upya vimtoshee, na vipimo vya mamake havikuandikwa mahali popote tena. Angeweza kukisia tu. Mke wangu alikuwa kitini, mto mgongoni, akitazama kama mtu anayengoja picha yake ichapishwe.

Mtu wa mistari akatokea. Akaanza kucheza.

Alikuwa vibaya sana. Mikono ilikaa mbali na mwili, kwa sababu ilikuwa imezoea kupisha tumbo la ng'ombe. Shingo ilijitokeza mbele. Miguu iliteleza sakafuni kama imekanyaga sabuni. Nilitazama chini. Mke wangu akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja, mpaka machozi.

"Huyo ni nani? Huyo ni wewe ukitoka kwa pombe!"

"Mama, nitamrekebisha."

"Mwache. Nimemzoea."

Kisha ikafika mahali pa kugeuka. Mtu wa mistari akainua kisigino cha kushoto, kikasimama hewani. Akangoja. Halafu akageuka.

Mke wangu akaacha kucheka. "Rudisha hapo," akasema.

Binti yangu akarudisha. Kisigino kikapanda, kikangoja, mtu akageuka.

"Hapo ndiyo mimi," mke wangu akasema. "Hapo nilikuwa namngoja huyu mjinga."

Nikamgeukia binti yangu. "Si nilikwambia ukate?"

"Nilisema sawa, nikakata kwenye video. Sikusema nitamkata ng'ombe mwenyewe." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Urefu wa mifupa ukibadilika, Baba, mwendo unaharibika. Lakini saa haiharibiki. Kama alingoja, hata ukimpa ng'ombe, hata ukimpa jiko, bado atangoja."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mabega yale, ambayo Kakamega yote ingeyatambua, nilikuwa nimeyafuta. Kilichobaki cha ngoma ya mke wangu, kikiwa kamili, ni kile kitambo kifupi alichosimama kwa sababu mumewe hajui kupiga ngoma.

"Lete ngoma," akaniambia.

"Sasa?"

"Ulitaka niandike barua?"

Nikaitoa chini ya kitanda, nikapangusa vumbi, nikapiga. Alikuwa kitini, mguu wa kulia ukigonga sakafu, bega la kulia likianza kupanda na kushuka kama zamani. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mara hii sitachelewa. Nilihesabu moyoni, nikajitayarisha, nikakaza meno. Nikachelewa.

Mguu wa kulia ukasimama hewani, ukangoja, ukashuka na pigo langu. Wa kushoto haukusogea. Aliutazama, akaupiga kofi dogo pajani kama mtu anayemkumbusha mtoto aliyesinzia kanisani.

"Usijali," akaniambia. "Huu nao unangoja. Piga tena."